Jinsi Bi Mkubwa Alivyorudishiwa Pumzi kwenye Kilima cha Panda-Uone

Sogeeni, enyi mliokaa na enyi mliosimama, enyi wenye haraka zenu na enyi msio na pa kwenda. Tueni mizigo, zimeni hizo redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishaondoka sirudi nyuma. Nawaletea habari kubwa. Si ya wafalme. Wafalme nimewasikia tu kama mlivyowasikia ninyi. Si ya majeshi wala ya miji iliyozingirwa. Ni habari ya lori. Nawe ulimi wangu, uliyekula vumbi la barabara nyingi, uliyejifunza kusoma kwa vipande, huku darasa la kwanza na kule la tatu, nakusihi leo usisite, usitetemeke, wala usizime katikati ya kilima kama alivyozima huyu ninayetaka kumsimulia.

Yeye aliitwa Bi Mkubwa. Rangi yake ya kwanza ilikuwa buluu, ya pili kijani, na ya tatu kutu. Mlango wake wa kushoto ulifungwa kwa kamba, wa kulia ulifungwa kwa imani. Mshale wa mafuta ulikufa zamani ukiwa umelala penye alama ya tele, hata ikawa, kwa ushahidi wa dashibodi, Bi Mkubwa hajapata kupungukiwa na mafuta tangu enzi zile. Ndiyo maana bwana wake alichonga kijiti cha mwanzi, na kila alipotaka kujua ukweli alifungua kifuniko cha tenki, akachovya, akatazama unyevu umefika wapi, akafunga.

Na bwana wake ni nani? Ni Bwana Taratibu, mshika usukani, mwana wa msukuma mkokoteni, mpanda milima kwa gia ya kwanza, mtu ambaye hajapata kumpita mwenziwe barabarani isipokuwa mwenziwe awe ameegesha. Sikio lake la upande wa injini lilikuwa limeshastaafu kwa kelele. Ukitaka akusikie, kaa dirishani.

Huyu bwana alikuwa na mke. Nyumbani aliitwa mama, bali soko zima lilimjua kama Mama Lehemu, mlinzi wa sufuria, mwokozi wa mabeseni, muuaji wa matundu. Alikaa kwenye kibanda chake na jiko la mkaa, chuma chake cha lehemu kikiwa chekundu kama upanga uliotoka tanuruni, na kila birika lililovuja, kila ndoo iliyodondosha, ilifika mbele yake kama mateka. Yeye na tundu hawakai nyumba moja. Alipata kuondoka katikati ya mazungumzo mazito kwa watu, akaonekana uani kwao ameinamia karai, kwa sababu alisikia tone. Na kazi yake ilikuwa safi: akishaziba na kupiga msasa, mwenye sufuria mwenyewe haoni palipotoboka.

Mama Lehemu alimwita Bi Mkubwa mke mwenzangu. Bwana akichelewa, aliuliza kama mke mwenzangu amemng'ang'ania. Bwana akirudi na makopo ya oili, alisema hewala, mke mwenzangu anapakwa mafuta ya kopo, mimi napakwa ya kukaangia. Watu walicheka, Bwana Taratibu akacheka, naye akafanya kama hacheki. Lakini hakuwahi kupita karibu na lile lori bila kulipiga jicho la chini, kama mtu anayempima mwenziwe nguo.

Basi vita vilianzaje? Vilianzia paani. Nyumba ya mama mkwe wa Bwana Taratibu, iliyoko juu kabisa ya kilima kile watu wakiitacho Panda-Uone, iliezuliwa maana boriti zilikuwa zimeliwa na mchwa. Bibi akahamia kwa binti yake na kitanda chake na ufagio wake. Chumba kilikuwa kimoja cha maana. Bibi akalala humo na bintiye, na adabu ya ukwe ikamtoa Bwana Taratibu nje, akawa analala ndani ya Bi Mkubwa, miguu ikipitia dirishani. Hakulalamika. Lakini kila alfajiri bibi aliamka kabla ya wote akafagia ua usio wake, mpaka chini ya magurudumu, kwa sababu hakupenda kuwa mgeni. Siku moja mawingu yalipoanza kukaa upande wa milimani, aliegemea ufagio akamwambia mkwewe maneno haya, taratibu, bila kumwangalia usoni:

"Baba, mimi kwenu nakula nashiba. Ila nataka mvua hii inikute chini ya bati langu."

Naam, neno hilo lilimwingia shujaa wetu kuliko mkuki. Siku hiyo hiyo alipakia bati, mbao, mifuko ya saruji na boksi la misumari, akanitafuta mimi, ambaye wakati huo nilikuwa napita tu mji ule na sijapata sababu ya kuondoka, akanipa cheo cha mbeba kigogo: kukaa juu ya mzigo, na gari likisimama mlimani niruke nikatie kigogo nyuma ya tairi. Cheo hicho nilikipokea kwa unyenyekevu.

Tukatoka. Kwenye barabara ya tambarare Bi Mkubwa aliimba kama cherehani mpya. Tukafika mguuni mwa Panda-Uone. Bwana Taratibu akashuka, akachovya kijiti, mafuta tele. Akafunga, akapanda, akaingiza gia, akauvamia mlima. Mwanzo ulikuwa wa ushindi. Lakini tulipofika penye kona ya katikati, pale palipo na jiwe kama kiti, Bi Mkubwa akasita. Akikanyagwa mafuta, anafikiri kwanza. Akikanyagwa tena, anaitikia nusu neno. Kisha akaanza kutetemeka, na tetemeko hilo halikuwa la mtu aliyeshikwa na baridi, lilikuwa la mtu aliyeshikwa na deni la ukoo. Usukani ukacheza, kioo cha pembeni kikaonyesha dunia mbili, bati zikapiga ngoma chini yangu, na baada ya kikohozi kirefu, kimya. Nikaruka na kigogo. Bwana Taratibu akachovya kijiti. Mafuta tele vilevile. Akapiga starta, Bi Mkubwa akawaka mara moja kama asiyekumbuka chochote. Lakini kumwanzisha safari na shehena ile pale penye mwinuko mkali hakukuwezekana, klachi ingeungua. Tukarudi kinyumenyume kwa aibu, nami nikitembea nyuma na kigogo changu kama mtu asindikizaye mgonjwa.

Akaitwa Fundi Sikio. Huyu alikuwa tabibu wa injini asiyetumia macho. Hushika bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye injini, mpini akautia sikioni, akafumba macho, akasikiliza valvu na pistoni kama hakimu asikilizavyo mashahidi. Alimsikiliza Bi Mkubwa mchana kutwa. Mwisho akafumbua macho, akatoa hukumu:

"Inamisi."

"Anammisi nani tena," akauliza Mama Lehemu, "na mume analala ndani yake kila siku?"

Fundi hakucheka, ufundi ulimkataza. Akaeleza kwamba injini ikimisi ni kuwa silinda moja haichomi vizuri, na mzigo ukizidi ndipo siri inapotoka. Akaanza vita vyake. Alibadilisha plagi zote. Tukapanda, tukakwama kwenye kona. Akabadilisha waya za plagi. Tukapanda, tukakwama kwenye kona, na mwenye duka la pale chini akaanza kutupungia mkono kama jamaa zake. Akaifungua kabureta, akaiosha, akaipuliza, akaifunga kwa heshima zote; kona. Akaitupa filta ya mafuta, akaweka mpya, kona. Na ajabu iliyomtesa ni kwamba kila baada ya kushindwa, Bwana Taratibu akishachovya kijiti chake na kupiga starta, Bi Mkubwa aliwaka na kunguruma vizuri, hata Fundi Sikio, kichwa kikiwa ndani ya boneti na bisibisi sikioni, akapiga kelele kwamba imekubali, sasa imekubali. Ilikubali mpaka safari iliyofuata.

Hapo ndipo alipojitokeza adui. Adui mwenyewe alikuwa shemeji, mdogo wake Mama Lehemu, mnunua vyuma chakavu, mwenye mzani usiojua huruma, mtu aonaye kitanda cha chuma akahesabu kilo badala ya usingizi. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake, naye aliona bati za mama yake zinazeeka juu ya lori lisilofika. Alikuja na chaki mfukoni akamzunguka Bi Mkubwa, akatia alama kwenye rimu, kwenye chasisi, kwenye milango, akipanga atakavyomkata, na kwa chuma hicho, alisema, tutakodi lori zima lenye afya na mama atalala kwake. Kisha akasimama mbele ya shujaa wetu, na sisi sote tukisikia:

"Shemeji, mimi na wewe ni ndugu, lakini chuma ni chuma. Ijumaa mpandishe mara ya mwisho. Akifika juu, nitampa shikamoo mbele za watu. Akikwama, unanipa ufunguo palepale alipokwama."

Bwana Taratibu aliangalia mawingu. Aliangalia ufagio wa mama mkwe umeegemezwa ukutani. Miaka yote ya riziki yake ilikuwa ndani ya lile bodi la kutu. Hakuwa na kazi nyingine wala mikono iliyojua kingine. Akasema, "Sawa, shemeji." Mama Lehemu alikuwa anakuna sufuria. Akaacha kukuna.

Ikafika Ijumaa. Safari hii bibi alikataa kubaki: kama lori linafika, alisema, litafika naye, na kama halifiki anataka kuona kwa macho yake linapogomea. Mama Lehemu naye akafunga kibanda, jambo ambalo soko lilizoea kuliona penye msiba tu, akapanda mbele na mama yake. Fundi Sikio na mimi tulikaa juu ya mzigo. Nyuma yetu shemeji kwa pikipiki, chaki mfukoni, akija polepole kama tai aliyeshiba ambaye bado anaangalia.

Mguuni mwa kilima kijiti kikachovywa, kifuniko kikafungwa. Tukapanda. Oneni sasa, enyi wasikilizaji, jinsi Bwana Taratibu alivyouinamia usukani. Jinsi Fundi alivyolala kifudifudi juu ya saruji, bisibisi ameisimika kwenye bodi asikie hata kutokea huko. Jinsi bibi, kwa mujibu wa Mama Lehemu, alivyoshika dashibodi kwa mikono miwili akimwambia lori, haya mama, haya mama, kama anayezalisha. Tukapita pale na pale. Tukaliona jiwe la kiti. Bi Mkubwa akasita. Akatetemeka. Akakohoa.

Kimya. Nikaruka na kigogo.

Shemeji akaegesha pikipiki. Akanyoosha kiganja. Bwana Taratibu akateremka, ufunguo mkononi, na uso wake sitaueleza. Akasema ngoja kwanza aangalie mafuta, asije shemeji akasema kakabidhiwa lori kavu. Ilikuwa desturi tu, mkono unajua njia. Akakizungusha kifuniko.

Sasa sikilizeni. Kila safari alipofungua kifuniko kile, Fundi alikuwa ameziba sikio kwa bisibisi, mimi nilikuwa nimeinama kwenye tairi upande wa pili, na yeye mwenyewe aligeuzia tenki lile sikio lililostaafu. Safari hii alikuwepo mtu wa nne, mtu aliyekaa maisha yake yote akisikiliza vyombo. Kifuniko kilipolegea, tenki lilitoa pumzi ndefu nyembamba: *fyuuuu*, kama mtu aliyetolewa mkono mdomoni.

Mama Lehemu aliusikia mlio ule akauelewa. Ni mlio wa sufuria iliyofunikwa ikiwa ya moto ikapoa, mfuniko ukajinyonya ukakataa kutoka, mpaka uuchokonoe pembeni. Akasogea. Akakichukua kifuniko mkononi mwa mumewe, akakigeuza, akapitisha kidole gumba pale katikati palipokuwa laini, palipong'aa kidogo kuliko pengine, mahali ambapo jicho la mwingine yeyote lisingeona kitu.

"Usimpe ufunguo," akasema.

Shemeji akataka kujua dada ana maneno gani tena. Dada alikuwa anamwangalia mumewe.

"Hapa palikuwa na kitundu," akasema. "Kidogo. Nilikiziba mimi."

Bwana Taratibu aliuliza kitundu gani, lini, kwa nini. Ndipo muuaji wa matundu akasimama katikati ya barabara akatoa hotuba yake, na hotuba hiyo aliitoa akiangalia chini:

"Kabla ya safari ya kwanza ya bati hizi nilikuja kukuletea chai pale stendi, hukuwepo. Nikamkuta anadondosha, tone, tone, kupitia kifuniko. Nikasema huyu naye, mzee hivi, hana hata wa kumziba. Nikakipeleka nyumbani, nikakiosha kwa sabuni, nikakianika mpaka kikaacha kunuka, nikapiga lehemu, nikakirudisha kabla hujarudi. Sikutaka ujue. Nimemsema vibaya miaka yote hiyo, ningeanzia wapi kusema nimemhudumia?"

Hakuna aliyecheka. Kisha bibi, ambaye alikuwa ametoa kichwa dirishani, akanena neno lililomaliza kesi:

"Mwanangu, umemziba mwenzako pua."

Fundi Sikio alikaa chini palepale kwenye lile jiwe la kiti. Alikiomba kifuniko, akakitazama kwa macho, kitu asichokizoea, akatikisa kichwa kwa kuisifu kazi. Halafu akatueleza kama mtu anayejieleza mwenyewe. Kile kitundu kiliwekwa makusudi na waliounda gari, tenki lipitishie hewa. Mafuta yakitoka, hewa iingie kujaza nafasi yake. Pakizibwa, ni kama kunyonya soda kwenye chupa bila kuachia mdomo: inakuja, inakuja, mwisho inagoma na ulimi unavutwa. Tambarare injini inakunywa kidogo, inavumilia. Ukiiambia ipande na saruji mgongoni, inataka kunywa sana, tenki linainyima, inasita, inatetemeka. Ukifungua kifuniko upime kwa kijiti, hewa inaingia, inapona. "Tumbo nimelisikiliza," akasema, "moyo nimeusikiliza. Pua sikuuliza."

"Basi nipeni msumari," akasema Mama Lehemu.

Boksi la misumari ya bati lilikuwa juu. Nikampa mmoja. Na hapa naomba hata watoto wanyamazishwe, maana tumefika kilele cha habari. Kifuniko kiliwekwa juu ya jiwe. Msumari ukasimamishwa penye lehemu. Nikatia jiwe jingine nyuma ya tairi, na kigogo changu, kigogo kile kile, kikapokewa na mkono wa Mama Lehemu kiwe nyundo. Na mkono ukasita. Mkono ule ulioziba matundu ya mji mzima, ambao haujapata kutoboa kitu tangu ulipoanza kazi, uligoma hewani kama Bi Mkubwa mwenyewe penye kona. Bwana Taratibu akajitolea apige yeye. Mkewe akamwambia asimguse.

Akapiga. *Tik.* Ikatosha; risasi ya lehemu ni laini. Akaunyanyua msumari, akakiinua kifuniko juu akifumba jicho moja, na jua likapenya pale likamwangukia shavuni, doa dogo kuliko punje ya mtama. Yule ambaye mwanga ndani ya sufuria ndio adui yake mkubwa, alitazama mwanga ule akaridhika nao.

Kifuniko kikafungwa. Tukarudi kinyumenyume hadi mguuni mwa kilima, maana kazi iliyoharibika katikati huanzwa mwanzo. Shemeji akatusindikiza akisema hayo ni maneno tu, chuma hakidanganywi kwa msumari. Bwana Taratibu akaingiza gia. Na tazameni, enyi mliobaki: duka likapita, mwenye duka akainua mkono apunge kisha akausahau hewani. Jiwe la kiti likaja. Bi Mkubwa akanguruma. Akakanyagwa mafuta, akaitikia palepale, bila kufikiri, bila nusu neno. Jiwe likapita. Kona ikapita. Bati zililala kimya mgongoni kwake kama watoto walioshiba, na Fundi Sikio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaitoa bisibisi sikioni akasikiliza hivi hivi, kwa masikio aliyopewa, huku machozi yakimtoka, ingawa mwenyewe alisema ni vumbi la saruji.

Tulipofika juu, majirani wa bibi walitoka. Shemeji alikuja nyuma, akazima pikipiki. Alikuwa mtu wa neno lake. Akatoa kitambaa mfukoni, akafuta chaki kwenye rimu, akafuta kwenye milango, akaja mpaka mbele ya taa, akainamisha kichwa mbele ya mama yake na majirani wote.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

Bwana Taratibu akabonyeza honi, ikajibu kwa sauti ya mtu mwenye umri wake.

Mvua ilinyesha baada ya bati la mwisho kupigwa, siyo siku hiyo, bali haikuchelewa sana, na bibi alikaa mlangoni kwake akiisikiliza huku ufagio wake ukiwa nyuma ya mlango wake. Bwana Taratibu alirudi kulala kitandani, akalalamika kwamba ni kipana mno.

Basi na ijulikane kwa waliokuwepo na wasiokuwepo, na wajukuu waambiwe wakiuliza mambo makubwa ya zama zetu: kwamba palikuwa na kilima, na juu ya kilima hicho mwanamke mmoja alitoboa tundu dogo kuliko punje ya mtama, na kwa tundu hilo lori likapumua, bibi akapata paa, na mtu wa mzani akatoa shikamoo kwa chuma. Waliojenga ngome na wakajenge, waliovuka majangwa na wavuke. Tundu lile bado lipo, nami nimelitia jicho.

Nikaondoka mji ule muda si mrefu, kama kawaida yangu. Asubuhi ya kuondoka nilipita kibandani. Mtu alikuwa ameleta birika, na Mama Lehemu, kabla hajashika chuma, alikuwa anamuuliza kama ana hakika lile tundu halina kazi. Bi Mkubwa alikuwa ameegeshwa jirani, anangoja mzigo. Mama Lehemu akainuka, akaenda mpaka penye tenki, akainama, akakipuliza vumbi kile kifuniko.

Kwa miaka yote hiyo alikuwa akimwita kwa maneno mawili. Siku hiyo nilimsikia kwa masikio yangu, neno moja akiwa ameliacha njiani:

"Umeamkaje, mwenzangu?"